Mamilioni ya Kijiweni

Chenji ya daladala usiku ni bahati nasibu. Konda anakutumbukizia kitu kiganjani huku anagonga bodi, gari linaondoka, unabaki na ulichopewa. Juzi nilipewa sarafu nyeupe nikajua ni jero. Asubuhi kwa Mangi, yule bwana akaigeuza mara mbili, akanirudishia kwa ncha za vidole. Shilingi moja ya mwaka 1966. Mwalimu upande huu, mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Mkate nikachukua kwa deni.

Ilitakiwa habari iishie hapo. Mtu nimedhulumiwa shilingi mia nne tisini na tisa, nimenuna, basi. Lakini njia ya kutoka kwa Mangi inapita kijiweni, na kijiwe chetu hapa Morogoro, karibu na stesheni, hakiruhusu kitu kipite bila ukaguzi.

Muuza kahawa akaipokea wa kwanza. Akaipima kwa kiganja, akatangaza kwamba hizi Waarabu wanazitafuta kwa dola. Fundi viatu akamkatalia: si Waarabu, ni Wachina, kuna madini ndani yake wanatengenezea roketi. Kijana wa bodaboda, ambaye jana yake alinikopa hela ya mafuta, akataja milioni themanini. Nikamwambia, mdogo wangu, nipe elfu tano sasa hivi, hizo themanini zote zako. Akasema yeye si mnunuzi, yeye ni mtu wa kuunganisha. Mtaa huu wote ni watu wa kuunganisha. Mnunuzi yuko Dar, simu yake haipatikani, na siku zote anakuja keshokutwa.

Wakati sisi tunabishana, mzee mmoja ameshaipaka sarafu majivu na ndimu, anaisugua. Nikamwambia, babu, acha, wakusanyaji wa sarafu wakiona imesuguliwa wanaikimbia, ile rangi iliyofifia kwa miaka ndiyo wanayoilipia. Babu akanijibu kwamba hakuna mnunuzi anayependa uchafu. Aliponirudishia, Mwalimu alikuwa anang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Kisha ukaja mtihani wa mchele. Eti rupia ya kweli inavuta mchele. Kwamba hii si rupia, ni shilingi, na imeandikwa hivyo kwa Kiswahili safi, halikuwa jambo la kumzuia mtu. Mchele ukatoka nyumbani kwangu, mtihani ukiwa wa kijiwe kizima gharama ni zangu. Tukaumwaga juu ya gunia, sarafu katikati, watu wazima na akili zetu tumeinama tunakodolea punje. Sarafu haikuvuta. Kuku wa jirani ndiye aliyevuta.

Nikapandwa na hasira, nikaamua leo nitoe darasa. Nikawaambia uzee wa sarafu si bei yake. Kinachofanya bei ni zimebaki ngapi, iko katika hali gani, na nani anaitaka. Shilingi hii ilifuliwa kwa mamilioni, na nusu ya makabati ya nchi hii ina moja nyuma ya droo. Fundi viatu akasema babu yake aliacha hela ya fedha ya mwaka 1780, yenye sura ya mwanamke. Nikamwambia huyo ni Malkia Maria Theresa wa Austria. Alifariki mwaka huo huo wa 1780, lakini hela yake ilipendwa mno Omani, Uhabeshi na pwani yetu, kwa hiyo waliendelea kuifua na kuiandika 1780 daima dumu. Imefuliwa Vienna, imefuliwa Roma, London na Bombay, mpaka karne iliyopita. Hela ya babu yako huenda umri wake unalingana na wa mama yako. Akanyamaza kwa uchungu.

Muuza kahawa akachomoa senti yake ya tundu ya mwaka 1936, yenye jina la Edward wa Nane. Huyo ni mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti mwaka ule ule kwa ajili ya mapenzi, kabla kwao hawajaanza kutumia sarafu yenye sura yake. Za kwetu zilikuwa na tundu katikati, kichwa hakina pa kukaa, likatosha jina, wakazifua. Ni hadithi tamu kuliko bei yake, maana zilitoka nyingi na mpaka leo zinauzwa kwa hela ya soda. Akairudisha mfukoni kana kwamba nimemtukania mfalme wake.

Kijiwe kikapoa. Nikawaonea huruma. Fundi viatu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo, kaka, hakuna hata moja yenye maana?" Nikasema ipo. Mwaka 1916 Mjerumani alizingirwa na meli za Mwingereza, sarafu kutoka kwao hazifiki, akaanza kufua zake Tabora, kwenye karakana ya reli. Sarafu za heleri ishirini alizifua kwa shaba, nyingine kwa maganda ya risasi. Kisha akachukua dhahabu ya Sekenke akafua sarafu za rupia kumi na tano, zina tembo na mlima nyuma yake. Zilikuwa kama elfu kumi na sita tu, na leo minadani zinauzwa kwa maelfu ya dola.

Nikaendelea kueleza kwamba zile heleri ni nyingi, bei ya iliyochakaa ni kuku mmoja au wawili. Nilikuwa naongea peke yangu. Muuza kahawa alishasema reli ya Tabora ndiyo hii hii. Bodaboda akasema Mjerumani akikimbia hawezi kubeba dhahabu, anafukia. Babu akakumbuka kwamba nyuma ya ukuta wangu, pale kwenye mwembe, ardhi imedidimia tangu alipokuwa mtoto.

Jana jioni wamekuja kuazima sururu. Nikawaambia sina. Mke wangu, ambaye hayumo katika siasa za kijiwe, akatoka nayo jikoni akauliza kama wanahitaji na sepetu.