Jinsi ya Kupatanisha Viwango vya Anwani na Bado Ukaibiwa

Anza kwa kuchagua kiwango cha anwani za wavuti (URL). Usihofu, vipo vya kutosha. Ipo RFC 3986, iliyotolewa na IETF Januari 2005, na kipo cha WHATWG, kinachofuatwa na vivinjari na kisichokwisha kuandikwa. Cha kwanza kinaeleza anwani sahihi ikoje. Cha pili kinaeleza kivinjari kifanye nini na takataka yoyote atakayoibandika mtumiaji. Bosi akiuliza mnafuata kipi, mjibu, "Vyote viwili, mkuu." Atafurahi.

Sasa mpe mlinzi, yaani programu inayokagua anwani, kiwango kimoja, na mjumbe, yaani programu inayotuma maombi, kingine. Hapa ndipo penye utamu. Chukua 012.0.0.1. Kwa WHATWG, sifuri ya mbele maana yake namba imeandikwa kwa msingi wa nane, hivyo hiyo ni 10.0.0.1, yaani mashine ya mtandao wa ndani. Kwa RFC 3986 hiyo wala si anwani ya namba. Ni jina tu. Maktaba ya ipaddress ya Python, katika matoleo kama 3.9.4, iliipuuza sifuri ikasoma 12.0.0.1, mashine ya mbali huko nje. Basi programu ya ukaguzi inaruhusu kwa moyo mweupe, na programu inayotuma maombi inabisha hodi chumba cha ndani. Mwaka 2021 Python ilianza kuzikataa sifuri hizo, kwa hiyo usisasishe.

Ukizichoka namba, jaribu https://duka.example\@mwizi.example. Kivinjari huugeuza ule mkwaju uliolala kinyume kuwa wa kawaida, kikaenda dukani. Programu nyingine huona kila kilicho kabla ya @ ni jina la mtumiaji, ikaenda kwa mwizi. RFC 3986 hairuhusu mkwaju huo hata kidogo, lakini nani ana muda wa kusoma?

Usisahau Wajerumani. Jina faß.de, kwa kanuni za IDNA (za majina ya tovuti yenye herufi maalumu) za 2003, ni fass.de, kwa zile za 2008 ni xn--fa-hia.de. Majina mawili, ambayo yanaweza kuwa na wenyewe wawili. Wateja watajua la kufanya.

Atatokea mtu, hakosekani, atakayependekeza anwani ichanganuliwe mara moja tu, pale inapoingia, kisha programu zote zipokezane vipande vilivyokwisha kutenganishwa badala ya kila moja kusoma upya maandishi yaleyale. Huyo mpangie kikao Ijumaa, saa kumi na moja jioni.