Sifa za Kilomita 1,080

Ukinyoosha mstari angani kutoka uwanja wa ndege wa Kigoma hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, unapata takriban kilomita 1,080. Umbali huu umetukanwa vya kutosha. Sasa ni haki yake kusifiwa. Kwanza, hauna kigeugeu. Ndege ya pangaboi isiyotua popote njiani huumaliza kwa saa mbili na ushee, na siku isipoumaliza, kosa huwa la ratiba. Nauli hupanda, safari huahirishwa, lakini hakuna abiria aliyewahi kutangaziwa kwamba kilomita zimechelewa.

Tena umbali huu ndio ulioilea Ujiji, mji jirani wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Ujiji Februari 1858. Msafara uliotembea miezi minane haufiki na kugeuza siku ya pili: unataka chakula, soko, mitumbwi, na mahali pa kungojea masika yapite. Hivyo wafanyabiashara wa pwani wakakaa, wakajenga, wakaswali, na Kiswahili kikaota mizizi kando ya ziwa. Ujiji ingekuwa mwendo wa siku mbili kutoka Bagamoyo, mmisionari Livingstone asingehesabiwa kuwa amepotea, na mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti aliyemfuata huko, angekosa habari ya kuuza. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, miezi ikageuka siku, lakini umbali haukuaibika. Uliuachia mji jina la heshima, Mwisho wa Reli. Dagaa nao wana deni la shukrani kwake: samaki anayekwenda mbali hana budi kukaushwa, na aliyekaushwa huliwa hata na asiyewahi kuliona ziwa. Hata jua limeingia katika ukarimu huu. Saa za Kigoma na Dar ni zilezile, ila Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baadaye. Mbishi atasema huchelewa vilevile kuchomoza, na saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Sawa, lakini nani analalamika kwa kulala?

Lipo pingamizi zito zaidi. Wapagazi walikufa katika njia hiyo, na watumwa waliteremshwa pwani kwa minyororo. Leo mgonjwa anayepewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar, huhesabu kila kilomita. Hapo dhihaka inafika kikomo. Lakini mnyororo ulifungwa na watu, na haikuwa kilomita iliyoamua madaktari bingwa wengi wakae mji mmoja. Ndiyo maana nausifu umbali: umebeba lawama za wenye majina bila kudai posho. Saruji ikipanda bei, ni umbali. Ndege ikikosekana, ni umbali. Barua pepe haipandi ndege wala treni, lakini ikikaa wiki tatu bila kujibiwa, utaambiwa Kigoma ni mbali.