Sifa za Folda Nzito

Wanaousifu Mlima Kenya na waendelee. Mlima haujawahi kupungukiwa na wapambe. Mimi sifa zangu nazimwaga kwa node_modules, folda ambayo kila kijana wa Doldol anayeanza JavaScript ya upande wa seva hujikuta nayo kabla hajaandika mstari wa maana.

Itazame inavyozaliwa. Unafungua folda tupu, unaandika npm init -y, na faili ya package.json inatokea papo hapo, nyepesi, bila kugusa bando. Kisha unaandika npm install express, maana unataka ukurasa mmoja tu useme "Habari, Doldol" kwenye poti 3000. Hapo bando linaanza kuyeyuka. Umeomba kifurushi kimoja, vinashuka zaidi ya hamsini ndani ya node_modules. Kimo kiitwacho ms, ambacho kazi yake ni kugeuza siku na saa ziwe milisekunde. Kimo bytes, cha kusoma kilobaiti na megabaiti. Hukuviita wala huvijui, lakini vimekuja kukutumikia bure. Nani mwingine amekujali hivyo?

Na mali je? Kwetu mali hubadilika sura. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo zamani walitoa mahari kwa mizinga ya nyuki. Katika miaka ya 1920 na 1930 wakageukia ng'ombe na mbuzi kama majirani zao Wamaasai, na lugha yao nusura ipotee njiani. Sasa imefika zamu ya faili. Kijana aliyeandika mistari mitano kwa mkono wake anamiliki mamia ya faili, na akiongeza Jest ya kufanyia majaribio, ni maelfu. Mzee akiuliza, "Na hao wako wanakunywa maji wapi?" atajibiwa kwa heshima, "Baba, hawa hawanywi maji. Wanakunywa bando." Katika nchi kavu kama hii, huo ni ufugaji wa busara.

Wabaya wake hawakosi. Wa kwanza ni mwenye nyumba mwenyewe. Ryan Dahl aliitambulisha Node.js, ndiyo hiyo JavaScript ya upande wa seva, mjini Berlin mwaka 2009. Mwaka 2018 akarudi Berlin hiyo hiyo kuorodhesha mambo kumi anayoyajutia, na folda yetu ikamo. Akaja na Deno, mbadala wa Node.js, ili aipumzike folda hiyo. Haikumwacha: Deno 2, iliyotoka mwaka 2024, inaielewa package.json na inaipokea node_modules bila kinyongo. Mtu alihama, folda ikamfuata na virago vyake.

Wengine hutaja Machi 2016, pale Azer Koçulu alipogombana na wasimamizi wa npm, ghala la vifurushi hivi, juu ya jina la kifurushi, akaondoa kazi zake zote. Miongoni mwazo ilikuwamo left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi mikubwa duniani ikagoma kujengeka. Lakini waliokwama ni waliokwenda kuteka upya siku ile. Aliyekuwa na folda yake nzima kwenye diski aliendelea na kazi, pengine hata habari hakuzisikia.

Hapa ndipo wa mjini hawatuelewi. Mtandao ukikatika Doldol, seva inaendelea kuwaka kwenye laptopu, kila kitu kimo ndani, kimeshalipiwa. Hata mradi wa pili haulipi yote tena, kwa sababu npm huweka akiba ya vifurushi ilivyokwisha kuvishusha.

Ina haya pia. Jina lake huandikwa kwenye .gitignore, isipelekwe kwa watu. Rafiki akitoka Nanyuki na flashi kuomba mradi, mpe package.json, package-lock.json na ile mistari yako mitano. Akashushe mengine kwa bando lake. Aking'ang'ania folda nzima, mwambie aje asubuhi na mapema, tena achaji laptopu kwanza, maana vifaili hivyo vidogo vidogo hunakiliwa kimoja kimoja.