Shangazi, Mbwa Anakungoja

Berlin, Januari

Mama, Shangazi na nyote wa Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga,

Dhumuni la barua hii ni ombi moja kwa Shangazi, ila nikilitaja hapa juu Mama ataanza kucheka na barua haitasomwa ikaisha. Nianze na mbwa.

Mnajua ninakoishi ni Wedding, kwenye ule mtaa ambao Wajerumani waliupa majina ya Afrika. Ipo Sansibarstraße, ipo Usambarastraße, na mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu ipo Tangastraße. Siku ya kwanza nilikwenda kuitazama nimevaa vizuri kabisa. Nikakuta magari yameegeshwa, madirisha yamefungwa, hakuna hata harufu ya muhogo wa kukaanga. Nikarudi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ghorofa ya nne, ni mama wa makamo, mpole, anayesalimia kwa kuinamisha kichwa. Ana mbwa anaitwa Bruno. Kimo chake ni cha kopo la rangi la lita tano, sauti yake ya honi ya basi la Korogwe. Jirani akishatoka kwenda kazini, Bruno huanza. Hubweka mara tatu, hunyamaza kidogo kama mtu aliyepiga hodi akangoja kukaribishwa, halafu hurudia. Na mimi, kama mjuavyo, natoka kiwandani kuoka mikate alfajiri. Hiyo ndiyo saa yangu ya kulala.

Kwetu mbwa akibweka usiku mtu hutoka na tochi, maana lazima kuna jambo: mwizi, paka, au Mjomba anarudi kwa kunyata. Huyu wa huku hana habari yoyote ya kutoa.

Kaka, najua umeshafikiria jiwe. Acha. Mbwa wa Berlin ni mlipa kodi. Kwa mbwa wa kwanza mmiliki hulipa euro 120 kwa mwaka, na akiongeza wa pili, huyo ni 180. Bruno ana kibati chake shingoni, anapanda treni ya chini ya ardhi, anaketi chini ya meza mgahawani na kuletewa maji kabla mimi sijaletewa orodha ya vyakula. Wajerumani hawa ndio waliowaletea babu zetu kodi ya nyumba mwaka 1897, na hata neno hela tulilitoa kwenye sarafu yao ya Heller. Nilidhani walitutoza kwa sababu ya uadui. Kumbe ni tabia.

Nikiri kwamba kuna jambo moja mimi na Bruno tulikuwa pamoja. Huku palikuwa na barabara ya Petersallee, jina lilelile la Carl Peters ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Kila jioni Bruno alipotembezwa alisimama kwenye nguzo ya kibao chake, akanyanyua mguu, akamaliza haja. Nilikuwa nampisha kwa heshima. Agosti 2024 jina likaondolewa, na kipande kimoja cha barabara sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Tangu hapo nikimwona anakaribia nguzo ile, nakohoa.

Basi, kuhusu kelele. Kiwandani nilipolalamika, mwenzangu mmoja aliniambia nisigonge mlango wa mtu nikiwa na hasira. Huku kelele huandikwa. Unachukua karatasi, unapiga mistari kwa rula, unajaza tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na aina ya kelele, unapeleka kwa kampuni inayosimamia jengo. Kuanzia saa nne ya usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa utulivu, na Jumapili ni kutwa nzima. Akaniambia pia kwamba mwaka 1993 mahakama ya Köln iliamua mbwa asibweke zaidi ya dakika kumi mfululizo, wala zaidi ya nusu saa kwa siku. Nilicheka mpaka nikaungua mkono kwenye trei. Nani alimsomea mbwa hukumu?

Nikaandika majuma mawili. Jumatatu, 2:10 mpaka 4:00, kubweka. Jumanne, 2:05 mpaka 3:40, kubweka na kulia. Mwandiko mzuri, ule alionifundisha Mwalimu wa darasa la tatu kwa fimbo. Nikapeleka, nikalala nikingoja haki.

Jumamosi jioni hodi. Nafungua, namkuta jirani, Bruno kwapani, barua mkononi, macho mekundu. Kampuni imemwandikia kwa ukali kwamba mbwa wake anavunja utulivu wa usiku kila siku, saa nane mpaka saa kumi za usiku. “Saa hizo,” akaniambia, “Bruno huwa amelala juu ya miguu yangu.”

Nikaitazama karatasi yangu iliyoambatanishwa. Jamani. Mkono ulikuwa unaandika Kijerumani, kichwa kinahesabu Kiswahili. Saa mbili yangu ya asubuhi wao wameisoma kuwa saa mbili yao, katikati ya usiku!

Nikamkaribisha jikoni nimweleze. Nikamwambia kwetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Likishatoka, saa moja hiyo, hakuna ubishi. Akageuka, akatazama dirisha. “Na huku,” akauliza, “ambako Januari saa mbili yenu hiyo jua bado halijatoka?” Sikuwa na jibu. Na kabla sijatafuta, akatoa karatasi yake mwenyewe kutoka mfukoni, nayo imepigwa mistari kwa rula: Jumapili nne, mchana, kugonga. Ni kinu changu cha kutwangia vitunguu saumu. Kumbe nami nilikuwa naandikwa.

Tukakubaliana karatasi zote mbili zichanwe, na Jumatatu tuandike pamoja barua ya kumsafisha Bruno. Ilikuwa saa ya kupeana mikono, nikanyoosha wangu, na Bruno akawahi kuulamba, kiganja chote, mpaka katikati ya vidole.

Mama, usishtuke. Najua kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini ghorofa ya nne, Berlin, theluji nje, udongo utautoa wapi? Nikauendea mrihani wangu pale dirishani, ule wa mbegu ulizonipa, nikachota konzi nzima. Jirani alikuwa bado amesimama mlangoni, ananitazama ninavyojisugua kwenye sinki nikihesabu kwa midomo. Akauliza kwa upole kama ni dawa ya ngozi. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, na mrihani unisamehe, maana umenyauka.

Sasa ombi. Jumatatu asubuhi Bruno alianza kama kawaida. Mimi nimechoka, nimelala chali, nikafungua ule ujumbe wa sauti wa Shangazi wa kuhusu mbuzi ya kukunia nazi aliyoazima yule mama wa nyumba ya pili asirudishe. Sauti nimeiweka juu kabisa. Mara Shangazi aliposema “Nisikilizeni!”, upande wa pili kimya. Nikadhani Bruno amekufa. Ujumbe ulipokwisha akabweka, nikaurudia, akanyamaza. Shangazi, ujumbe wako ni wa dakika kumi na moja. Mahakama ya Köln isingekuruhusu, lakini Bruno anakutii.

Jirani nilipomsimulia alifurahi mno. Siku hizi kabla hajatoka hunigongea ukutani, mimi nawasha simu, naiegemeza ukutani, nalala. Shida ni kwamba Bruno ameshaukariri. Kwenye dakika ya saba, pale Shangazi unaposita kumeza mate, yeye ameanza kudakia. Tafadhali nitumie mwingine, mrefu, wenye lawama nyingi. Mseme yeyote, ila usiguse habari ya mimi kuoa, maana na mimi huwa nasikiliza.

Halafu niambieni yule mama kama amekwisha kurudisha mbuzi. Jirani aliponiuliza Shangazi analalamikia nini, usingizi ulinizidi, nikamtafsiria kuwa ni mbuzi wa miguu minne. Kila asubuhi kwenye ngazi ananiuliza kwa huzuni kama amepatikana. Nyinyi nijibuni tu kama imerudi. Yeye nitamwambia amerudi.

Wenu wa Wedding