Fadhila za Hogo

Hogo ni gamba gumu la jasi linalofungwa kwenye mkono au mguu uliovunjika ili mfupa utulie mpaka uunge. Daktari huandika POP kwenye cheti, nyumbani husemwa fulani kafungwa hogo, na kila mtu huelewa kwamba fulani huyo haendi popote. Vifaa vingine vya tiba vimekwishapata heshima zao. Miwani huhesabiwa dalili ya usomi, na kile kipimo cha mapigo ya moyo kinachoning'inia shingoni mwa daktari hupigwa picha za mahafali. Hogo limeambulia kukunwa tu. Haki inadai lisifiwe kwa utaratibu, kuanzia ukoo wake hadi siku linapokatwa.

Kwa ukoo, hogo halina aibu. Jasi ni mwamba unaochimbwa sehemu nyingi duniani, na kwa Tanzania hupatikana Makanya wilayani Same na Kilwa mkoani Lindi. Ikichomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi, hupoteza sehemu kubwa ya maji yake na kubaki unga. Unga huo ukikutana tena na maji hupata moto na kuganda. Ndiyo maana anayefungwa hogo huhisi mguu ukipata joto tamu kwa dakika chache, na hiyo huwa starehe yake ya mwisho katika jengo hilo. Mwaka 1851 Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alianza kutumia bandeji zilizopakwa unga wa jasi, na baadaye kidogo Mrusi Nikolai Pirogov akafunga majeruhi kwa jasi katika Vita vya Crimea. Kwa hiyo anayelalamikia uzito wa hogo anamlalamikia mpiganaji wa zamani.

Fadhila ndogo ndogo zinaweza kutajwa kwa mkupuo. Hogo halitumii umeme, halina nywila wala halidai vocha. Mbu hapenyi; sisimizi hupenya, lakini hiyo ni kasoro ya sisimizi. Watoto hulichora maua na majina yao bila kuchapwa. Humfundisha mwenyewe kuoga kwa hesabu, maana jasi ikilowa hulainika: mguu huvishwa mfuko wa plastiki, ukafungwa kwa mpira na kuegeshwa juu ya kigoda nje ya beseni. Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, rambo moja lisilotoboka limekuwa mali ya kurithishana. Kuhusu mwasho, daktari hukataza kuingiza kitu chochote ndani, kwa sababu mkwaruzo mdogo unaweza kugeuka kidonda kisichoonekana mpaka kinuke. Uchelewa wa ufagio huingizwa hata hivyo, usiku, watu wakiwa wamelala.

Fadhila iliyo kubwa kuliko zote ni kuaminika. Mtu akiumwa kichwa, mkuu wa kazi humuuliza kama amekunywa maji. Akiumwa mgongo, huambiwa ni godoro. Akisema amechoka, hilo halina hata fomu ya kujaza. Hogo halibishiwi na mtu. Likiingia mlangoni mazungumzo hukatika, kiti hupatikana, na mzee aliyekuwa amekikalia huwa wa kwanza kuinuka. Kwa nguvu hiyo, kuna hoja nzito ya kugawa mahogo kwa wafanyakazi wote, hata wasiovunjika, kwa viwango vilivyopangwa. Hogo la kidole lingetosha kwa mapumziko ya mchana. Hogo la kiganja lingekuwa ruhusa ya kwenda kuzika jirani. Hogo la chini ya goti lingekuwa likizo ya mwaka, na lile linaloanzia nyonga hadi vidoleni lingetengwa kwa ajili ya wale ambao wakuu wao hupiga simu saa nne usiku na kuanza na "samahani kwa usumbufu". Walimu wa madarasa ya wanafunzi mia moja na zaidi wangepewa mawili mawili. Maofisa utumishi wangepita asubuhi na rula kupima unene, na kungekuwa na semina, chai na posho. Kamati za harusi peke yake ndizo zisingelitambua, kwa sababu kadi ya mchango humfikia mtu hata akiwa wodini mguu ukining'inia.

Huenda mtu akapinga kwamba sheria imekwishatosha. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ni sheria nzuri. Haisemi popote kwamba mgonjwa apigiwe simu kitandani na kuambiwa, "Si mguu ndio umevunjika? Mikono ipo, tuma basi ile ripoti." Na ripoti yenyewe haisomwi na mtu! Ikitumwa hukaa kwenye barua pepe ya mkuu mpaka mfupa unaunga, kisha huombwa upya kwa maneno yale yale. Tena huyo ni mgonjwa mwenye bahati, aliye na mkataba. Mama lishe na dereva wa bodaboda hawana mkuu wa kuwapigia simu wala wa kuwalipa. Kwao hogo ni jiko lililozimwa. Lakini maelezo haya ni ya hogo, na hogo halina kosa.

Chini ya ulinzi wa hogo, mtu mzima huruhusiwa kufanya kazi ndogo bila kuonekana hana kazi. Aliyezoea kukuta wali mezani huwekewa ungo mapajani na kuombwa achambue mchele. Huanza kwa dharau. Kisha husogeza punje kwa kidole, fungu dogo baada ya fungu dogo, kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili: chuya hutupwa chini kwa kuku, kijiwe huwekwa pembeni juu ya kifuniko. Kijiwe cheusi hata mtoto hukiona. Kazi ipo kwenye kile cheupe, chenye ukubwa wa punje, kinachojilaza katikati ya wenzake na kusubiri jino la mtu. Anayekinasa hukishika kwa kucha mbili, akakiinua kwenye mwanga na kumwonyesha kila anayepita. Kilo ikiisha, kuna kitu kimekamilika kwa mikono yake, na maumivu yalisahaulika kwa muda wote huo. Kesho yake huomba mchicha, keshokutwa vitunguu saumu. Katika nyumba nyingi hivi ndivyo inavyogundulika kwamba baba anaweza. Ugunduzi huo hufichwa siku hogo linapokatwa.

Upande wa chakula, mgonjwa haulizwi uji, na uji wenyewe huwa wa ulezi. Chaguo hilo lina msingi: gramu 100 za ulezi zina kalisi ya miligramu 340 hivi, nyingi kuliko nafaka nyingine zinazopikwa kila siku. Dagaa nao hujenga mfupa kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yao. Supu ya makongoro, ambayo humiminika kutoka kila upande wa mtaa kwa imani kwamba mguu huponya mguu, ina kalisi kidogo kuliko sifa zake. Hata hivyo, bakuli lake lenye ndimu na pilipili, likiletwa la moto na jirani aliyevuka barabara akilifunika kwa sahani, hufanya kazi ambayo haipimwi kwa miligramu.

Marafiki wanaoletwa na hogo ni wa aina nne. Wa kwanza huja na visa, na kila kisa chake huishia kwa mguu kukatwa. Wa pili huja na mafuta ya kuchua, ingawa jasi haichuliki. Wa tatu hupiga picha na hogo, huirusha kwenye kundi la familia, kisha huaga kabla chai haijachemka. Wa nne huja na ubao wa drafti na mfuko wa vizibo vya soda. Husema pole mara moja, hupanga vizibo, na humfunga mgonjwa michezo mitatu mfululizo bila huruma yoyote. Kwa mtu ambaye siku nzima amesemeshwa kwa sauti ya chini, kula kichapo cha haki ni heshima kubwa.

Shukrani hazitakamilika bila kuwataja wafadhili wa hogo. Wa kwanza ni walioondoa mfuniko wa mtaro wasiurudishe, na ambao wananchi walipolalamika walichomeka tawi la mwarobaini kwenye shimo. Wa pili ni walioacha barabara bila njia ya miguu, hata pikipiki, baiskeli, machinga na mtoto wa shule wakabanana kwenye ukingo mmoja. Wa tatu ni aliyeiweka kliniki ya mifupa ghorofa ya pili. Lifti inafanyiwa matengenezo. Malipo ni chini, eksirei ni jengo la pili, muhuri wa bima ni chini tena, na muhuri ukikosekana, mtu wa magongo huambiwa ashuke akaufuate. Aliyepanga hivyo alikuwa na miguu miwili mizima, na hajawahi kuteremka ngazi kwa makalio mbele ya watu.

Mkono wa mtu mzima huhitaji wiki 6 hivi kuunga, na muundi wiki 12 au zaidi. Hogo hukatwa kwa msumeno uliobuniwa na Mmarekani Homer Stryker katika miaka ya 1940, ambao hutetema bila kuzunguka, hivyo hukata jasi na kuiacha ngozi. Kinachotoka ndani ni mguu mwembamba, wenye magamba na harufu, usioweza kumbeba mwenyewe. Mazoezi ya kuurudishia nguvu huendelea kwa wiki nyingi, maana msuli uliolala haurudi kwa amri. Ila kipindi hicho hakina cha kuonyesha, kwa hiyo hakina kiti, supu wala likizo, na mkuu wa kazi huuliza kama mtu hajapona tu. Hapo ndipo fadhila za hogo zinapokoma. Anayezitamani tena hana haja ya kwenda mbali: mtaro upo palepale, na tawi limebadilishwa.