Jinsi ya Kuitwa Bingwa wa Faiba

Anza na mdomo, bisibisi itafuata. Anayetaka kuheshimika ofisini hahitaji kujua mengi kuhusu mtandao; anahitaji kutamka "faiba" kwa sauti nzito huku ameegemea kabati la vifaa. Wakikukusanyikia, waambie kwamba ndani ya ule waya mwembamba kuna uzi wa kioo, na ndani ya kioo kuna kiini chenye kipenyo cha mikromita 9 hivi, chembamba mara kadhaa kuliko unywele. Ongeza kwamba mwanga humo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Wakiendelea kusimama, wape historia: mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakifanya kazi Uingereza, walionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano masafa marefu. Kao alipewa Nobeli ya Fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Ukimaliza, hakuna atakayekumbuka kuuliza kwa nini taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu nyuma yako.

Taa hiyo maana yake ni moja tu: mwanga haufiki. Mtu asiye na malengo makubwa angeangalia kama waya umekunjwa nyuma ya kabati, au umekandamizwa na mguu wa meza ya mapokezi. Wewe chomoa konekta, ifute kwa pindo la shati, kisha iguse ncha kwa kidole kilichotoka kula chipsi ili kuhakikisha imekauka. Vumbi dogo lisiloonekana kwa macho linatosha kuziba kiini chote, kwa hiyo vile vifuniko vidogo vya plastiki vitupe siku ya kwanza, vinachafua droo.

Kuna konekta za kijani na za bluu. Ya kijani ncha yake imekatwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haikukatwa hivyo. Umbo la nje linafanana, zinaingiana na hata kulia "tak!" kwa furaha, ila ncha zenyewe hazigusani sawasawa na mwanga mwingi unapotelea hapo. Zichanganye kwa uhuru. Rangi ni mapambo.

Hapa naiweka kejeli pembeni kwa sentensi mbili. Usichungulie ncha ya faiba kuona kama "ina moto", kwa sababu mwanga wa nanomita 1310, 1490 au 1550 jicho haliuoni, lakini jicho linaweza kuumizwa nao. Kuna kipimo cha kazi hiyo.

Na kipimo hicho ni hazina kwa bingwa. Laini nyingi za majumbani na ofisi ndogo zinafanya kazi vizuri nguvu ya mwanga ikiwa kati ya dBm hasi 8 na hasi 27 hivi. Mpelekee bosi kipimo kikisoma hasi 19, mwonyeshe ile alama ya kutoa, na utikise kichwa. Hasi 19 ni afya njema kabisa, ila bosi amesoma biashara, na hasi kwake ni hasara. Bajeti itapatikana.

Ikishindikana yote, laumu bahari. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania intaneti ikayumba kweli. Tangu hapo unacho kisingizio kisichochuja. Kitumie hata printa ya chumba cha pili inapogoma kuchapa, ingawa karatasi hiyo haikuwa na safari ya kwenda Msumbiji.

Sasa tuje kwenye swichi ya mtandao, maana hapo ndipo ubingwa unapojengwa. Taa zote ni za kijani, faiba haina neno, na bado dada wa uhasibu analia, "Kaka, mtandao haupo!" Ni suala la anwani, na anwani ndiyo kitu cha mwisho unachotakiwa kukigusa.

Kila kifaa kina anwani mbili. Ya MAC kimetoka nayo kiwandani, tarakimu na herufi 12. Ya IP kimepewa hapa hapa. Swichi ya kawaida inafanya kazi kwa ile ya kwanza: inaangalia data imetoka kwa nani, kupitia tundu lipi, inaandika kwenye jedwali, na asipoonekana tena kwa muda, mara nyingi sekunde 300, inamfuta. Swichi haihitaji IP ili ipitishe data ya watu. IP yake ni mlango wako wewe wa kuingilia na kuirekebisha.

Kwa kuwa ni mlango wako, ipe namba rahisi kukumbuka: 192.168.1.1. Ndiyo, ileile ya ruta. Kuanzia hapo kila kompyuta inapouliza mtandao mzima "nani mwenye 192.168.1.1?", wanaitika wawili. Ni sawa na kuita "Juma!" kituo cha daladala cha Mbagala. Nusu ya ofisi itapata intaneti, nusu itaigonga swichi isiyojua njia ya kwenda popote, na baada ya dakika chache watabadilishana zamu. Raha ya kosa hili ni kwamba halitulii: ukienda kuangalia, limepona. Sema, "Mtandao unasumbua," na urudi kwenye chai.

Wasio na subira huandika `arp -a` kwenye kompyuta inayolalamika, wakatazama 192.168.1.1 imeandikiwa MAC gani, kisha wakageuza ruta na kusoma kibandiko cha chini. Zikitofautiana, kuna tapeli ndani ya nyumba, na kwa kuchomoa waya mmoja mmoja atajulikana. Wanaharibu soko.

Swichi mpya nayo inakuja na anwani ya kiwandani, tuseme 192.168.0.1, wakati ofisi yenu inatumia zinazoanza na 10.10.5. Hutaifikia. Kuipa laptopu yako 192.168.0.50 na barakoa ya mtandao (subnet mask) ya 255.255.255.0 kwa muda, kisha kuingia, ni kazi ya dakika chache isiyo na posho. Tangaza kwamba swichi imekufa na uagize nyingine. Itakuja na anwani ileile, nayo itakufa.

Ukikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, furahi kwamba angalau ina anwani. Usijali kwamba imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa wa kuipa. Huenda namba zimeisha: mtandao mdogo wa kawaida una nafasi 254, na simu za wafanyakazi, wageni na mlinzi zilizimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Wanaochelewa ndio wanaokosa, kwa hiyo idara ya utumishi itakuunga mkono. Au kuna mtu alileta ruta ya nyumbani akaichomeka chumba cha mikutano "kuongeza waifai", nayo inagawa anwani zake kwa ukarimu. Mshukuru.

Siku atakapoitwa fundi wa kweli, dada mwenye begi dogo, ataomba kwanza orodha ya anwani. Huna, ulikuwa nayo kichwani. Atasoma kibandiko cha chini ya ruta, ataandika mistari miwili na kubadilisha namba moja. Bosi akiuliza ilikuwa nini, wahi kujibu: "Anwani, bosi. Ndiko nilikokuwa naelekea." Kisha msindikize fundi mpaka getini, na mkiwa njiani muulize polepole nywila mpya ya swichi ni ipi.