Jinsi ya Kusikia Nyuki Wasiokuwepo

Kabla ya yote, zima friji. Usipuuze hatua hii, maana kuna watu walioisikia sauti ya ulimwengu usiku kucha, mpaka umeme ulipokatika ikanyamaza.

Kisha jiulize umemeza nini. Aliyewahi kutibiwa malaria kwa kwinini anaujua ule mlio wa masikioni, nziii, asubuhi hadi usiku, wala hakuna aliyemwita mtakatifu. Aspirini ikizidi nayo hufanya vivyo hivyo.

Sasa keti. Hatha Yoga Pradipika, kitabu ambacho Svatmarama alikiandika India katika karne ya 15, kinakuelekeza uzibe masikio, macho, pua na mdomo, kisha usikilize kilicho ndani. Walimu wengi huruhusu pua iachwe wazi kidogo. Wasikilize, la sivyo sauti utakayoisikia itakuwa ya majirani wakikupepea.

Vidole gumba vikishaziba masikio, mvumo utaanza mara moja. Hiyo ni bahari, na bahari ndiyo darasa la kwanza. Mwaka 1810 Mwingereza mmoja, William Hyde Wollaston, alieleza kwamba mvumo wa namna hiyo ni misuli ya mkono wako mwenyewe inayotetemeka. Jina lake usilitaje mbele ya wenzako wa kutafakari. Ni mgeni anayeharibu karamu.

Ngazi ya sauti za ndani kitabuni imepangwa hivi: kwanza bahari, radi na ngoma kubwa, katikati baragumu na kengele, juu kabisa njuga, filimbi, zeze na nyuki. Hapa ndipo ufundi unapohitajika, kwa sababu baada ya kikao lazima mtu atauliza, "Mwenzetu, leo umesikia nini?" Ukijibu "radi" utaonekana mchanga. Ukijibu "nyuki" wiki ya kwanza, utachukiwa. Sema "kengele, lakini kwa mbali," kisha uangalie chini. Mtu wa kengele za mbali huheshimiwa na pande zote, na hakuna anayemwomba ushahidi.

Atatokea mjuaji wa kukukumbusha utafiti wa Heller na Bergman wa mwaka 1953. Waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima, mmoja mmoja, katika chumba kisichopitisha sauti, na asilimia 94 wakasikia milio ya ndani. Hakuna aliyetakiwa kufunga wala kukesha kwanza. Mjibu kwa upole kwamba wale walisikia tu, ilhali wewe umesikiliza. Jibu hilo, kusema kweli, si baya hata kidogo; ndilo lenye uzito kuliko mengine yote unayoyasema pale.

(Utani kando: mlio ukiwa wa sikio moja tu, ukidunda sambamba na mapigo ya moyo, au ukija pamoja na kupungua kwa usikivu, mwendee daktari wa masikio. Guru atakusubiri.)

Ukifika kwa nyuki, usikimbilie kutangaza. Endelea kusoma kitabu. Svatmarama anasema akili itazama ndani ya sauti, kisha sauti yenyewe itayeyuka, na kitakachobaki, kile cha juu kabisa, hakina sauti yoyote. Habari hiyo wafiche wanaoanza. Wakiijua mapema watauliza ada ya kozi ilikuwa ya nini.